Watu wa Mlazaji Hawaitwi Uzazini

Dodoma, karibu na stesheni,
mvua za kwanza zimeshaanza

Mama yangu, na Baba yangu Mzee Malogo,

Mbukwenyi! Mbukwenyi nyote wa nyumbani, mliokaa na mliosimama, pamoja na ng'ombe kama bado wapo. Mmeamkaje huko Mtera? Mto umeshaleta maji ya mwaka huu au bado mnafukua mchanga? Mgongo wa Baba unasemaje? Na wewe Mama, kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia, au ndiyo kwanza kimejenga nyumba kifuani? Nawauliza kana kwamba mtanijibu sasa hivi. Ndivyo upweke unavyomfanya mtu, anazungumza na karatasi.

Kaka Chedego, wewe unayeisoma barua hii, kaa vizuri, weka mguu wako mbovu juu ya kigoda, usome polepole. Nimeandika Kiswahili kwa kuwa ndicho walichonifundishia wale mama wa misheni. Wewe kigeuze Kigogo wazee wasikie. Na usiongeze chumvi, nakujua. Yule mchuuzi wa chumvi aliniambia kwamba barua yangu ya kwanza uliwasomea nimenenepa, Mama akapiga vigelegele. Niliandika nimekonda, Chedego!

Mama, kabla hujaanza kumkatiza, tulia. Mimi ni mzima. Ya tumbo langu nitayafikia kwa zamu yake, maana nikiyasema sasa hamtasikiliza mengine. Na nina ombi kwenu wazee wangu, kubwa, ambalo bila hayo mengine hamtalielewa. Kwa hiyo kaka asirukie mwisho.

Salimu hajambo. Yuko mbali, reli imeshavuka Ugogo inaelekea Tabora, na watandika reli wanaisindikiza. Huja mara moja moja, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, anakula, analala, anaondoka. Hanipigi, hanitukani, na akipata chochote analeta. Mlisema Mrangi wa Kondoa atanichoka. Bado hajanichoka.

Dodoma penyewe ni upepo. Ukipika ugali unakula na mchanga. Maji ya kisima yana chumvi, chai yake kama machozi. Watu ni wa kila namna: Wanyamwezi, Wamanyema, Wahindi wenye maduka ya vitambaa, Warangi wenzake Salimu na asali yao, na Wajerumani kule bomani wanaotembea kama wameambiwa ardhi ina moto. Garimoshi likipiga kelele, mbuzi wa mtaa mzima hukimbilia upande mmoja, kisha husahau walichokimbia na kurudi. Hilo huwa linanichekesha kila siku.

Lakini jioni, Mama, jioni ndiyo inaniua. Saa ile ng'ombe wanaporudi na vumbi linasimama juu ya zizi, na wewe unakoroga mlenda, na Baba anashusha zeze lake ukutani. Hapa jioni hakuna zeze. Kuna walevi wa pombe ya mtama na kelele za nyundo. Nimetamani mpaka harufu ya paa la tembe letu likilowa mvua ya kwanza. Juzi ilinyesha hapa, nikatoka nje kunusa. Haikuwa ile.

Nataka kusema jambo ambalo hatukuwahi kulisema pale nyumbani, maana sisi tulikuwa ndani yake. Baba alitufundisha tukiwa wadogo: Mulungu huumba, na mdogo wake, Mlazaji, huwalaza waliochoka. Sisi nyumba ya Malogo ni watumishi wa Mlazaji. Mtu akifa tunaitwa. Tunamwosha, tunamfunga ngozi, tunamlaza ardhini, tunapewa mbuzi, tunaondoka bila kuaga. Kwangu mimi ilikuwa kazi kama ya mfua majembe. Nilikuwa nikishangaa kwa nini watoto wenzangu kisimani walinusa mikono yao baada ya kunigusa.

Sasa nimekaa mbali, naona kidogo. Watu wanatuogopa, na sisi wenyewe tuliipalilia hofu yao. Baba, usikasirike. Unakumbuka mwaka ule akida alipokuja na askari kudai kodi? Watu walikimbilia porini, mbuzi wakachukuliwa kila boma. Wewe hukukimbia. Ulikaa mlangoni umejitandazia ile ngozi ya kufungia maiti magotini, unaipaka mafuta taratibu. Akida akauliza, "Mzee, unafanya nini?" Ukajibu bila kuinua kichwa, "Naandaa. Ya nani, sijaambiwa bado." Akida akakumbuka kwamba anangojwa kijiji kingine! Sisi ndani tulikuwa tumeuma nguo tusisikike tukicheka. Mama machozi yalimtoka. Hakuna mbuzi wetu aliyechukuliwa siku ile, na kwa mwaka mzima watu wa Mtera walisimulia kwamba Malogo anajua siku ya kila mtu.

Huijui siku ya mtu yeyote, Baba. Hata siku ya mvua ulikuwa unakosea.

Nilipokuja huku Salimu alinishauri nisijitaje. Yeye Mrangi, hofu ya Ugogo hakuzaliwa nayo, ndiyo maana alinioa. Lakini Wagogo wamejaa hapa kwenye kambi ya reli. Kwa hiyo nilisema natoka Mtera, wakulima, basi. Wakanipokea vizuri. Na aliyenipokea kuliko wote ni Bibi Sechelela.

Huyu ndiye mkunga wa kambi. Mgogo wa huku huku, mnene, ana msalaba shingoni na ulimi kama kisu cha mchinjaji. Kila mtoto anayekimbia uchi kati ya vibanda hivi amepita mikononi mwake. Aliponiona nina mimba na mume hayupo, alinichukua kama bintiye. Ananikanda tumbo, ananiletea uji wa ubuyu, ananigombeza nikibeba ndoo. "We mtoto, unataka kuzalia kisimani?" Miezi ilipokwenda akasema tumbo halikai vizuri, mtoto amelala upande, na kwamba ataanza kuja kulala kwangu ili akiniona natoka jasho baya awe karibu.

Mama, hapo ndipo nilipoharibu. Wala sikuharibu kwa ubaya.

Siku ya kwanza alipokuja alikuwa amechoka, jua halijazama akajinyoosha kwenye mkeka akaanza kukoroma. Viatu vyake vya ngozi amevivua hovyo hovyo. Nami bila kufikiri, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kila siku tukilala, nikainama nikavigeuza, vidole vielekee mlangoni. Unajua mwenyewe: Mlazaji akipita aone kwamba mwenye viatu hivi kesho ana safari, ampite. Mara ngapi nimekuona ukivigeuza vyetu sote, na cha Chedego kile kimoja kilichokwisha upande? Kwangu mimi huko ndiko kupendwa. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaolala bila kugeuziwa viatu.

Alfajiri nikaamshwa na ukelele. "Weee! Nani kashika viatu vyangu?"

"Mimi, Bibi."

"Umevishika kwa nini?"

"Nimevigeuza tu, vitazame nje."

Akaketi kwenye mkeka.  Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Siku mama yangu alipofariki walikuja watu. Mimi msichana, nimejibanza kwenye kona. Kitu cha kwanza walichogusa ni viatu vyake, wakavigeuza. Ndipo wakasema tutoke." Akanitazama. "Kule Mtera, wewe ni wa nyumba ya nani?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwahi kufikiria uongo wa kumwambia yeye. Nikasema, "Ya Malogo."

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia viatu vya maiti huelekezwa ukutani, vya aliye hai huelekezwa mlangoni, ni mambo mawili mbali kabisa. Hakusikia. Alichukua kijiti cha kuni, akaviokota viatu vyake kwa kijiti, kimoja kimoja, akatoka navyo peku, amevinyoosha mbele yake kama mtu aliyeua nyoka. Nilicheka, Mama. Kisha nikakaa chini nikalia mpaka jua likapanda.

Kufikia mchana kambi nzima imejua. Kisimani wanawake walivuta mitungi yao. Mwenye mtoto mwenye homa alimfunika uso nilipopita. Jirani yangu mmoja, Mnyamwezi, ambaye kila jioni alikuwa anaomba moto kwangu, akaanza kuvuka kwenda kuuomba safu ya pili. Na huyo hata si Mgogo! Amejifunza kutuogopa kama alivyojifunza kupika mlenda. Wakasema nikimtazama mgonjwa sana anakwisha. Wakasema mimba yangu si mtoto, ni kitu nilichowekewa nikilee. Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa nisije nikamtazama mtu sana.

Mimi ningevumilia. Tumevumilia tangu utoto. Lakini mtoto amelala upande, na mkunga ni mmoja tu.

Baada ya siku kadhaa Bibi Sechelela akaja. Akasimama uani, hakukanyaga kizingiti. Macho yake yalikuwa yamezama. Akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi nawe. Tumbo hilo nimelishika mwenyewe, najua lilivyo. Lakini mikono hii inapokea watoto wa watu. Nikiingia kwako hivi hivi, kesho nani ataniita? Njoo uwanjani mbele ya wanawake. Nitamwaga jivu. Uliruke, useme Mlazaji humjui, useme huna baba wala mama Mtera. Basi. Nitaingia, nitakuzalisha. Ni maneno tu, Nyemo."

"Bibi, wewe si Mkristo? Unamwogopa Mlazaji wa nini?"

"Mungu yupo," akasema, "lakini na nyinyi mpo."

Akaondoka. Nikabaki nayajaribu yale maneno jikoni, peke yangu, nione kama yanatamkika. "Mlazaji simjui" yalitoka bila shida, mniwie radhi. "Sina baba" yalitoka kwa kukwaruza. Nilipofika kwako, Mama, mdomo ukagoma.

Nilikumbuka yule msafiri aliyefia njiani, aliyeletwa kwetu bila jina. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kukusaidia. Ulipasha maji moto, ukatia kiwiko kuyapima, ukaongeza ya baridi, ukapima tena. Nikakuuliza, "Mama, maiti anasikia baridi?" Ukasema, "Yeye hasikii. Mimi nasikia." Ukamwosha mgeni yule hadi katikati ya vidole, unamwita mwanangu, ingawa alikukaribia kwa umri. Baba akawa nje anapiga zeze polepole, wimbo ule anaowaimbia ndama. Nilikuwa na furaha siku ile. Nikisema hivyo hapa Dodoma watanipiga mawe, lakini nilikuwa na furaha, nimekaa na wazazi wangu, tunafanya jambo jema kwa mtu asiyeweza kutushukuru.

Basi siku ile ya jivu nilienda. Wanawake wamesimama duara, jivu limemwagwa. Nikasema kwa sauti kubwa ili nisirudie: "Baba yangu ni Malogo wa Mtera. Mama yangu ndiye aliyeosha watu ambao ndugu zao walikimbia. Kama kuna mwenye kuzaa bila kuwa na mama, ajitokeze nimwone." Nikageuka nikarudi kwangu. Ukaidi huu nimeutoa kwako, usijifanye hujui. Lakini nilipofunga mlango nililikumbatia tumbo langu kwa mikono miwili. Niliogopa, Mama. Niliogopa hasa. Nilijiona nimewachagua nyinyi na kumtupa mwanangu.

Uchungu ukaja asubuhi moja ya upepo. Salimu yuko huko njia ya Tabora na reli yake. Nilijikaza nisipige kelele, lakini jua lilipofika utosini nilishindwa, nikapiga. Nikamsikia yule jirani Mnyamwezi akikimbia na kuita. Halafu kimya. Halafu nyuma ya ukuta wangu, upande wa nje, kitu kizito kikakaa chini, na sauti ikasema, "Nyemo! Umepiga magoti?"

Alikuwa Sechelela. Alikaa nje juani, mgongo wake umeegemea udongo wa ukuta, na mimi ndani nimeegemea udongo huo huo.

"Bibi, ingia!"

"Siingii! Inama, kichwa chini, matako juu. Shuka na mkono kushoto, msukume mtoto kama unasukuma ndama mvivu. Kushoto nimesema!"

"Unajuaje kama si kulia?"

"Nimezalisha watu kabla mama yako hajaota meno! Kushoto!"

Tuligombana hivyo mchana kutwa, Mama. Yeye anafoka, mimi namtukana, yeye ananitukana na kumwomba Mungu msamaha papo hapo. Wanawake wengine nadhani walisimama mbali wakisikiliza. Mtoto akageuka. Nilimsikia akigeuka ndani yangu, nikashika nguzo, na Sechelela nje akawa anasukuma pamoja nami, nasikia anavyoguna kwa nguvu. Mtoto akatoka. Msichana.

Hakulia.

"Analia?" Sechelela akauliza.

"Halii."

"Anatikisika?"

"Hapana."

"Ana rangi gani?"

"Ya jivu."

 Halafu sauti yake ikaja laini, laini mno. "Pole, mwanangu. Pole sana. Mfunike. Usimtazame, mfunike tu."

Nilikuwa nimeshaishika kanga. Ndipo nikaisikia sauti ya Baba, jinsi anavyotufokea kila tunapoingia kwenye nyumba ya msiba: "Msimlaze mtu kwa kuambiwa amelala! Ulizeni wenyewe!" Baba, mara ngapi nimekuona watu wanalia nje, ngozi imeshatandikwa, na wewe umeinama sikio kifuani, kidole kooni, huna haraka na mtu? Na kwa mtoto mchanga, Mama, wewe ulinifundisha: kooni utadanganyika, uliza utosi. Nikaweka kidole utosini. Nikazuia pumzi yangu mwenyewe. Ulikuwa unadunda. Kidogo mno, kama kifaranga ndani ya yai, lakini unadunda.

"Bibi! Hajafa!"

"Nyemo, usijidanganye, mama."

"Mimi ni mtoto wa Malogo! Kama kuna kitu kwetu tunakijua ni mtu aliyekufa, na huyu hajafa! Ingia!"

Mlango ukaruka. Sikumwona akivuka kizingiti, nilimwona yuko juu yangu. Alimnyakua mtoto, akamnyonya ute puani na mdomoni, akautema, akampulizia, akampiga nyayo, akampulizia tena. Mtoto akakohoa kama mzee wa tumbaku. Kisha akalia, na Mama, ana sauti mbaya, ya kwako kabisa ukiita ng'ombe.

Sechelela alikata kitovu huku akinigombeza kwa kila kitu, mkeka mchafu, kisu butu, kanga iko mbali. Alipomaliza akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama msichana, akaanza kuisugua mikono yake kwenye nguo. Nilidhani ni kwa sababu ameingia nyumba ya watu wa Mlazaji. Haikuwa hiyo.

"Nilisema umfunike," akasema. "Mwingine angemfunika. Angenitii." Akaitazama mikono yake. "Nyemo, nimewafunika wangapi?"

  Nikamshika mkono, akauacha ndani ya mkono wangu.

Baadaye akaniuliza kama ni kweli huwa tunauliza kwanza. Nikamweleza yote: sikio, kidole, utosi, na jinsi Baba alivyowahi kumrudisha kwao mama mmoja aliyekwisha kuliliwa na kuchimbiwa kaburi. Akatikisa kichwa. "Sisi hayo tungeyajuaje? Tuliwaona mnaingia. Mkitoka, mtu wetu amefungwa ngozi. Katikati pale mlifanya nini, hakuna aliyethubutu kuchungulia. Na nyinyi hamkusema."

Baba, neno hilo limekaa moyoni mwangu, nami nakuletea kama lilivyo. Hatukusema. Tuliona afadhali watuogope, maana hofu ilimzuia akida asiingie zizini. Lakini hofu ile ile ilimkalisha mkunga nje ya ukuta wangu. Nakuheshimu, na ningekuwa karibu ningekusemea hili nikiwa nimepiga magoti. Lakini ningelisema tu.

Sasa ombi langu. Mtoto bado yuko ndani. Sechelela amesema hatolewi nje mpaka bibi yake mzaa mama afike amwogeshe, kama ilivyo desturi ya Ugogo kwa watoto wa watu wote. Na amesema, hapa namnukuu maana alinikaba mpaka nikaandika: "Mwambie mama yako nina mimba za kambi nzima mikononi mwangu. Aje anikalishe chini anioneshe jinsi ya kuuliza utosi. Mimi nitampikia." Mkunga wa Dodoma anamwita mke wa Malogo. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Najua, Baba, utasema watu wa Mlazaji hawaitwi uzazini wala hawaendi, kwamba mikono iliyolaza haipokei. Utakohoa, utashika ile ngozi yako. Mimi najibu hivi: mikono iliyonipokea mimi na Chedego ilikuwa ya nani? Ya mama yako, naye alilaza watu mpaka uzeeni. Kwa hiyo mwiko huo ni wa mlangoni kwa wageni, si wa kwetu. Mwache Mama aje. Nakuomba kama binti yako, na nikiomba mara ya pili nitakuja kuomba hapo hapo mlangoni pako, na mtoto mgongoni, analia kwa sauti ile niliyowaambia.

Sisemi kwamba kambi nzima imetupenda. Wapo wanaopita mbali bado. Lakini jana jirani yangu Mnyamwezi alikuja kuomba moto. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto kwa jicho la pembeni, akasema ana pua ya baba yake, akakimbia na kijinga chake. Salimu amepelekewa habari, amejibu kwa mdomo wa dereva wa garimoshi kwamba mtoto aitwe Zainabu. Jina la nyumbani nimemwachia Mama alitoe akimwona.

Nisalimieni shangazi yangu aliyenifundisha kusuka ungo, mwambieni wa hapa wanaununua lakini wanaukosoa. Nisalimieni wifi yangu, mke wa Chedego, anayemvumilia. Nisalimieni binamu yangu mchunga ng'ombe, nimesikia ameoa bila kuningoja, nimemkasirikia kidogo. Msalimieni na yule mzee jirani ambaye hakuwahi kutukatalia moto, hata mara moja, tangu nipate akili. Wewe Chedego, nakusalimu kwa moyo wote. Umsindikize Mama na mchuuzi wa chumvi mpaka barabara kubwa, mguu wako hauna kisingizio.

Na wewe Mama, njia ni ndefu, nenda polepole, lala kwa watu wema. Watakutambua, watu wa Ugogo wanakujua kwa mwendo wako. Watatoka nje ya maboma yao kila utakapopita, wameshika vichwa, wakikuuliza kwa mbali kama wanavyokuuliza siku zote: nani amefariki? Waambie hakuna. Waambie umeitwa kwa mtoto.

Mimi binti yenu mkaidi,
mama yake Zainabu,
Nyemo wa Malogo